Mgeni Rasmi Asione Vumbi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya historia! Nimechaguliwa mwenyekiti wa Kampeni ya Makazi kwa Vijana. Wapiga kura tulikuwa watatu. Mimi nilijipigia. Mwalimu Mstaafu, jirani yetu, naye akajipigia bila haya. Dada yangu akasema awe yeyote, ilimradi kikao kihame sebuleni kwake. Nikaihesabu kuwa kura yangu.

Wiki ijayo madiwani wanajadili sera ya makazi kwa vijana wanaolala nje. Diwani wetu bado anasitasita. Nimemwalika aje kwenye ghala bovu nyuma ya soko wanakolala, ajionee. Kakubali! Sera ikipita, itaundwa kamati. Kamati ina viti, na mimi kukaa kitini najua sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ghalani. Aibu tupu! Bati limetoboka, sakafu imelowa, watu wanalalia maboksi. Mmoja ni binti anayejifunza ususi saluni. Wote wanamwita Msusi. Baba wa kambo alimfukuza. Anasema hataki makubwa, anataka tu mlango wa kufunga kwa ndani, alale bila kushtuka. Machozi yalinilengalenga.

Kisha nikashtuka. Mgeni rasmi aje kwenye uchafu huu? Tutaonekanaje?

Jumatano, 5 Machi

Kazi, kazi! Nimeazima magodoro ya dada, mashuka yake na mapazia yake ya wageni. (Bado hajaambiwa.) Kuta tumezipaka chokaa. Maboksi tumeyachoma. Mstaafu kaja kunisihi tuache palivyo, diwani aone hali halisi. Wivu huo! Msusi naye kauliza diwani ataona shida gani sasa. Nikamwambia atulie, mambo haya yana wenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Diwani kaja. Kabonyeza godoro. Kashika pazia, kalisifia. Kisha kauliza hao vijana wasio na makazi wako wapi. Nikamwonyesha: wale pale, wamepaka mafuta, wamejipanga mstari, wananukia sabuni ya dada.

Kanipongeza mbele ya watu! Kasema kata yetu imejitatulia yenyewe, kwa hiyo hoja ya sera ataiondoa barazani. Nilipiga makofi kwanza, nikaelewa baadaye.

Jumamosi, 8 Machi

Ghala limetangazwa kuwa hosteli ya mfano. Ili lisichafuke, limefungwa kufuli na mlinzi kawekwa. Vijana wametolewa nje, na mvua haina huruma. Magodoro ya dada yamebaki ndani.

Msusi kaja mlangoni kwa dada, kalowa chapachapa. Laiti angenitukana. Kasema tu kwamba majuzi alikuwa na paa bovu na boksi lake, na leo hana hata boksi. Nimeona aibu, kusema kweli. Imenikaa mpaka wakati wa chai.

Dada hakunitazama usoni. Kamshika Msusi mkono, kampa taulo, kampa chumba. Chumba changu! Mtoto wa watu kajifungia, kalala mchana kutwa. Mimi, mwenyekiti mzima, nimehamishiwa kwenye kochi ambalo miguu inabaki nje. Hivi ndivyo wapigania haki tunavyolipwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nasikia Mstaafu kawapeleka vijana wote mlangoni mwa ukumbi wa baraza wakiwa vilevile, wamelowa, wana tope hadi magotini, hawajachana hata nywele. Msusi kawazuia madiwani mlangoni, kawaeleza alikolala tangu afukuzwe. Hoja imerudishwa, itajadiliwa kesho. Bahati tu. Mpangilio sifuri!

Mimi sikwenda. Nina kampeni mpya: barabara ya mtaa wetu, mashimo matupu, magari yanazama. Diwani kakubali kuja Ijumaa kujionea mwenyewe. Safari hii sitaki makosa. Nimeshaazima sepeto, na mashimo yote makubwa nimeyafukia.