Halibuti Wazima kwa Mujibu wa Fomu

Ofisi ya Samaki Wasiokusudiwa ya Port Ansell, Alaska, ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Februari hakuna halibuti hata mmoja atakayekufa kwenye ndoana za meli kubwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni, kwenye ghala la barafu na katika baa mbili. Meli zenyewe hazikuombwa kubadilisha chochote. Kilichobadilishwa ni fomu.

Aliyeichora fomu hiyo ni Wendell Strand, mkuu wa Kitengo cha Nukta, mtu mpole mwenye penseli nne zilizochongwa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini na kuzifuatilia meli kumi na nane za mshipi mrefu, zikitambaa baharini kama nukta za kijani. Kila meli ilishusha mshipi wenye ndoana elfu arobaini kutafuta chewa, na kila mara halibuti nao walinasa, yule samaki bapa mwenye macho yote upande mmoja, binamu mkubwa wa gayogayo. Sheria ilisema halibuti si wa meli hizo, arudishwe majini. Ilisema pia kwamba meli zote kwa pamoja zikishaua halibuti elfu sita, zifunge kazi mpaka mwakani.

Mwaka uliotangulia zilifunga kazi mapema, na wenye meli waliumia sana moyoni. Mkurugenzi Prescott Dahl akamwita Strand, akamwomba atafute njia ya kitaalamu ya kupunguza vifo. Strand alifikiri wiki tatu. Fomu ya zamani ilikuwa na visanduku viwili, hai na mfu, na kadiri alivyoitazama ndivyo alivyoona kwamba matatizo yote yalitokana na hicho cha pili. Fomu mpya ikawa na visanduku vitatu: Mchangamfu, Mchovu na Mwenye Mawazo. Samaki aliyepita kwenye vyuma vya kung'olea ndoana akatoka bila taya aliingia kwenye kisanduku cha tatu.

Mwangalizi mmoja wa melini alipiga redio kuuliza kuhusu halibuti aliyekuwa akielea ubavuni, upande mweupe juu.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza Strand.

"Tangu jana."

"Basi ana mawazo mengi," alisema Strand, akaandika.

Ili kuwaziba midomo wenye shaka, waangalizi walipewa vidude vya kutuma ishara, vidogo kama punje ya mahindi. Walivishona ndani ya minofu ya halibuti mia mbili, kisha wakawakabidhi samaki hao kwa mabaharia wawarudishe majini. Matokeo yalimtoa Strand machozi. Samaki hawakuishi tu, walichapa mwendo. Walikwenda maili tisa kwa saa bila kupumzika, mstari mmoja, sambamba na meli zilizowavua. Meli ikisimama, nao wanasimama. Strand aliandika kwamba huenda ni shukrani. Kufikia mwisho wa Machi, mia moja na tisini kati yao walikuwa wamehamia Port Ansell na kutulia mahali pamoja. Mahali hapo palikuwa kwenye rangi ya kijivu, kwa sababu ramani ya Kitengo ilichora bahari peke yake. Nchi kavu haikuwa chini ya mamlaka ya Ofisi, na Strand hakuwa mtu wa kuvuka mamlaka yake hata kwa macho.

Dahl alisoma jalada la ripoti, lililosema Samaki Wote Wazima, na siku hiyohiyo akatia saini Kanuni ya Utulivu, ianze kutumika Mei. Popote halibuti wenye vidude watakapotulia siku kumi na nne patakuwa makao yao, na meli ya mshipi mrefu inayozidi mita kumi na nane haitaingia wala kutoka ndani ya maili kumi. Ilikuwa kanuni nzuri ya kupigia picha. Pamoja nayo alitoa pendekezo: kwa kuwa halibuti wamehama maji ya Kisiwa cha Mtakatifu Zosima, mashua kumi na moja za kisiwani zipumzike msimu mzima wa kiangazi.

Kikao cha kupokea maoni kilifanyika Mei katika ukumbi wa michezo wa shule ya kisiwani. Dahl na Strand walifika wamechelewa siku mbili kwa sababu ya ukungu. Dahl alitazama saa mara kwa mara. Meli zote kumi na nane zilikuwa gatini Port Ansell kwa sherehe ya kubariki meli, naye ndiye mgeni rasmi.

Aliyesimama kuzungumza alikuwa Agrafena Galanin, nahodha wa mashua ya mita tisa, shangazi wa nusu ya waliokuwa ukumbini. Alieleza bila haraka kwamba kisiwani hakuna kazi nyingine. Kiangazi kikipita bila halibuti, familia hukata tiketi kwenda Anchorage, na anayekwenda Anchorage harudi. Shule ile ilikuwa na watoto kumi na wawili. Wakipungua chini ya kumi, inafungwa.

"Sasa, Mheshimiwa," alimalizia, "samaki wetu wako wapi?"

"Wako salama, mama. Bwana Strand anayo ramani."

Strand alifungua kompyuta yake kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu. Agrafena alivaa miwani. Alikuwa ameshusha samaki Port Ansell miaka thelathini. Akauliza hapo penye kijivu ni nini, akajibiwa kwamba ni nje ya mamlaka.

"Hapo ni friza ya wenye meli, mwanangu. Mlango wa pili, unapoingia kushoto. Na huyu aliyejitenga peke yake huku juu mlimani?"

"Namba mia moja kumi na saba," alisema Strand. "Ndiye mtulivu kuliko wote. Hajasogea tangu Pasaka."

"Shangazi, muulize kapanda mlima kwa mapezi?" ilisema sauti kutoka nyuma.

"Huyo kapanga chumba," ilijibu nyingine.

Agrafena alihesabu kwa kumbukumbu nyumba ambazo ramani haikuzichora, kwa ncha ya kidole, kuanzia kwenye kona ya barabara. Ya nne, yenye banda la gari la bluu. Watu wote wakamgeukia Dahl, maana banda hilo lilijulikana kuwa lake.

"Nililetewa boksi," alisema Dahl. "Zawadi. Wala sijalifungua."

Agrafena hakupandisha sauti. "Haya, tuambie. Kama wamekufa, basi mia na tisini katika kila mia mbili wamekufa, na fomu zenu zina halibuti elfu thelathini. Elfu sita mlishazipita zamani, meli zifunge kazi. Kama ni wazima, wametulia pale zaidi ya siku kumi na nne, na meli zako zote ziko ndani ya maili kumi. Zisitoke. Wewe chagua, sisi tunakunywa chai."

Dahl aliinama sikioni kwa Strand. "Ni wazima au wamekufa?"

Strand alitoa fomu, akaipitia kisanduku kwa kisanduku. "Fomu haina kisanduku cha kufa, Mheshimiwa. Uliagiza nipunguze vifo, nikakiondoa."

Basi samaki wakabaki wazima, na kufuta kanuni kulihitaji siku tisini za maoni ya umma; pendekezo la kupumzisha mashua lilikuwa bado halijasainiwa, likafia palepale ukumbini. Juni ilipoingia, mashua kumi na moja zilitoka Mtakatifu Zosima, na siku ya kwanza Agrafena alipandisha halibuti wa kilo arobaini. Port Ansell, meli kumi na nane zilibaki zimefungwa gatini, zimebarikiwa.

Strand alizungusha utepe wa njano kwenye friza ya wenye meli, halafu akapanda mlima na kuzungusha mwingine kwenye banda la bluu. Kila Ijumaa alikwenda kumjulia hali namba mia moja kumi na saba. Ijumaa moja alimkuta Dahl amesimama nje ya utepe, amevaa ndala, ameshika bakuli. Mke wake alikuwa na wageni, na aiskrimu ilikuwa ndani ya friza ya bandani, chini ya samaki.

"Dakika moja tu, Strand."

"Ni kumsumbua samaki aliyetulia, Mheshimiwa. Inahitaji kibali."

"Kibali anatoa nani?"

"Mkurugenzi. Ila haruhusiwi kusaini jambo lenye maslahi yake binafsi."

Dahl aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake, bakuli magotini. Ndani, wageni walikuwa wameanza kugonga vijiko.