Maji Yalivyonikataa Mezani kwa Mzee Haule

Leo nimeaibika, jamani. Tena nimeaibikia mezani kwa watu.

Nianze mwanzo mnielewe. Mimi na Neema, niliyesoma naye kemia chuoni, tuna kampuni changa ya nanoteknolojia. (Kampuni ni sisi wawili na ndoo.) Tunatengeneza dawa ya kupaka kwenye maturubai na vitambaa ili visipitishe maji. Ndani yake kuna chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona. Ukishapaka, maji hayashiki. Yanajikusanya kuwa matone na kukimbia, kama kwenye jani la magimbi.

Shida yetu ni mahali pa kufanyia kazi. Mama mwenye nyumba wangu hapa Mfaranyaki amechoshwa na harufu, anataka ndoo itoke. Sasa kuna Mzee Haule, mnunuzi wa mahindi, ambaye ghala lake la Msamala lina chumba cha pembeni kisicho na kazi. Akitupa chumba, tunaendelea. Akikataa, Neema anakwenda Dodoma kumsaidia dada yake kuuza simu, na kampuni imekufa. Leo mchana alituita nyumbani kwake Bombambili tumweleze.

Asubuhi nikatoa kitambaa cha maonyesho. Nilishakipaka jana, kikafanya kazi vizuri kabisa. Lakini nikawaza: je, kikigoma mbele ya mzee? Nikapaka tena. Nikawaza tena, nikapaka tena. Glavu zilikuwa zimechanika, nikatumia viganja. (Ndiyo, nimesoma kemia. Nyamazeni.)

Tuliposhuka kwenye bodaboda Neema akaniambia, "Deo, tukiingia tu, mwagia kitambaa maji. Mzee aone."

"Hapana. Kwanza soko, halafu washindani, halafu matarajio ya mapato. Kitambaa ni slaidi ya mwisho."

Akatangulia kubisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Haya, nielezeni hiyo biashara."

Nikafungua kompyuta. Nikaanza na hali ya nanoteknolojia duniani.

"Hiyo chembe ni ndogo kiasi gani?" akauliza.

"Haionekani kwa macho, mzee."

"Ehee. Ujanani kuna mtu aliniuzia kitu kisichoonekana. Naye mpaka leo haonekani."

Neema akacheka. Mimi nikaenda slaidi inayofuata. Nilipofika kwenye mchoro wa ukuaji wa soko, kidevu cha mzee kilikuwa kimeshatua kifuani. Nikapunguza sauti nisimwamshe, nikaendelea. (Msiniulize kwa nini. Niliona kunyamaza ni utovu wa adabu.)

Mkewe akatokea na jagi na beseni. "Jamani, chakula. Huyo ameshalala, mtaongea mkishiba."

Moyoni nikasema chumba kimekwenda.

Tukanawishwa, na mgeni ndiye wa kwanza. Nikakinga mikono. Mama akamimina. Maji yakagonga kiganja, yakapasuka kuwa matone, yakarukia kwenye beseni. Kiganja kikavu! Akamimina tena. Kikavu!

"Baba, hebu kunja mkono."

Nikakunja. Yakakimbilia kwenye kiwiko.

"Yuwiii! Baba Salome, amka! Maji yanamkataa huyu mtoto!"

Mama akarudi nyuma na jagi lake. Nikashika sabuni, ikachomoka na kutua chini ya kabati. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshafukuzwa Bombambili nzima kwa uchawi.

"Mama, si uchawi! Ni nano!"

(Sentensi hiyo itasomwa kwenye mazishi yangu.)

Neema alikuwa ameficha uso ndani ya mkoba, mabega yanatikisika. Mzee akainuka, akanishika kifundo cha mkono, akachukua jagi mwenyewe. Akamimina polepole, huku anageuza kiganja changu kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Hii ndiyo dawa yenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na muda wote ule ulikuwa unanionyesha mistari?"

Kabla sijajibu, mama akauliza, "Sasa ikipakwa kwenye magunia, si tutaila na mahindi?"

Swali hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilikuwa na slaidi nzima ya kulikwepa. Lakini mtu aliyeshikwa mkono hana ujanja mwingi.

"Hatujui, mama. Bado hatujapima. Kwa sasa haifai kugusa chakula."

Neema akaacha kucheka. Nikamwona yuko Dodoma anauza simu.

Mzee akaniachia mkono. "Wanaoniletea dawa wote huniambia haina madhara. Nilikuwa nasubiri na nyie mseme hivyo hivyo." Akarudisha jagi kwa mkewe. "Magunia msiyaguse mpaka mpime. Anzeni na maturubai ya nje, upande wa juu. Yananivujia kwenye mikunjo kila masika. Chumba mtafagia wenyewe kesho."

Jamani, nilipumua! Pumzi niliyokuwa nimeibana tangu nimalize chuo ikatoka yote. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye ugali.

"We!" Mama akavuta sahani. "Mkono huo hauingii humu."

"Basi naomba kijiko, mama."

"Nacho utakishika na nini? Si umesema mwenyewe hamjui?"

Kwa hiyo nimelishwa, ndugu zangu. Mtu mzima mwenye shahada, nimekaa mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, Neema anamega tonge, anachovya kwenye dagaa wa Nyasa, ananitia mdomoni. Na tonge zake kubwa makusudi!

"Mlishe vizuri mkurugenzi," mzee akamwambia. "Kesho ana kazi ya kufagia."

Chumba tumepata. Mkono mmoja uko kwenye mafuta ya taa, naandika kwa kidole gumba cha mwingine. Naomba msicheke. Neema peke yake ameshacheka kwa niaba ya mkoa mzima wa Ruvuma.