Malalamiko Kuhusu Ukimya Unaotoka Katika Sinema ya Mtaa Wetu

Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Majengo ya Zamani.

Pole na majukumu. Mimi ni mshonaji, na nyumba yangu imeegemea ukuta wa nyuma wa sinema yetu iliyofungwa, upande ule wa pazia la picha. Nilihudhuria mkutano wenu wa kujadili jengo lifanywe nini. Wapo waliotaka makumbusho, wapo waliotaka duka la magodoro. Niliponyoosha mkono kuuliza nani atanifidia kwa ukimya, uliniambia kwa upole, "Mama, hoja yako si ya kihistoria." Basi nimekaa nikaitafakari historia, na naomba kuiwasilisha kwa maandishi.

1. Tangu sinema ifungwe, mume wangu anaongea. Yeye ni fundi saa, na niliolewa naye nikijua ni mtu mkimya. Kila jioni tulikaa mezani, ukutani bunduki zinalia na farasi wanakimbia, naye akichezesha midomo. Nilidhani anatafuna. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ananisimulia mambo yake, nami nikiitikia kwa kichwa kwa ajili ya adabu.

2. Kuitikia huko kumeniponza. Juzi wifi yangu aliteremka mlangoni na kabati la nguo na kasuku. Nilipohoji, mume wangu alishangaa kweli kweli. "Si tulikubaliana, mama watoto? Nilikuuliza, ukaitikia." Imebainika kwamba nilikubali pia kumwachia dada yake chumba kikubwa, na kumsamehe kinyozi mmoja ambaye mpaka leo sijui alinikosea nini. Naomba wanasheria wenu waseme kama kibali kilichotolewa wakati wa mapigano ya farasi ni halali.

3. Zamani tukikosana hatukuhitaji kujichosha. Ng'ambo ya ukuta palikuwa na mwanamke analia vizuri kuliko mimi, na mwanamume anaomba radhi kwa maneno ambayo mume wangu hana. Tulisubiri wamalizane, tukalala. Sasa inabidi tulie wenyewe, na hatuna mazoezi.

4. Majirani wanasikia. Muuguzi mstaafu wa mlango wa pili alibisha hodi katikati ya ugomvi wa kabati. Nikajua amekuja kutusuluhisha. Akamgeukia mume wangu: "Samahani, baba, yale maneno ya mwisho hayakunifikia. Ungeyarudia." Kesho yake alikuja na kiti. Wakaja wengine na viti vyao, na muuza karanga akaweka sinia lake chini ya dirisha. Wifi yangu ndiye anayewapanga, wafupi mbele, warefu nyuma. Waliochelewa husimuliwa na kasuku yale yaliyopita.

Sikatai kwamba tunapendwa. Lakini muuguzi amekwisha kulalamika kwamba ugomvi wa kabati umerudiwa mno, na anataka mpya. Mheshimiwa, ugomvi mpya nitautoa wapi, na nina magauni ya watu ya kushona?

5. Hili la mwisho ndilo lililonitoa machozi. Afisa wa baraza lenu alifika kuniuliza kama tuna leseni ya burudani, na mlango wa dharura uko wapi. Nikamweleza kwamba hii ni ndoa. Akajibu kwamba ndoa haina safu za viti. Alituandikia onyo kali, ingawa alisubiri kwanza mpaka mwisho, na alicheka mahali ambapo hapakuwa pa kucheka.

Kwa hiyo naomba sinema ifunguliwe mara moja, hata isipopata mtazamaji mmoja. Ziletwe picha za vita. Za mapenzi hazina kishindo. Duka la magodoro nalikataa katakata, kwa kuwa godoro ni bidhaa kimya kuliko zote. Makumbusho nayo ni mahali pa kunong'ona. Ikishindikana kabisa, kamati itume watumishi wake wapige mbio nyuma ya ukuta wangu kila jioni, wakipiga kelele za kutekwa. Nimewaona ofisini kwenu. Nguvu wanazo, hazijatumika.

Naweka kalamu chini kwa heshima, huku nikisikia kila kitu. Nisalimie karani wako, dereva wako, wajumbe wote, na mkeo, naye umwulize kama anakusikia.

Mimi mwenye malalamiko,
Mshonaji wa Ukuta wa Nyuma.

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha mlinzi wa sinema alipotufungulia, mimi na mume wangu, ili niupime unene wa ukuta kwa utepe wangu. Tukaketi kidogo kupumzika. Nikamwuliza alisema nini hasa siku ile aliponichumbia, maana tulikuwa humu humu, kwenye pazia nyumba inaungua, sikusikia neno. Aliona haya, akafuta miwani yake muda mrefu. Kisha akaanza kuniambia, polepole, na humu ndani hakuna hata panya anayemkatiza. Mheshimiwa, futa yote niliyoyaandika. Jengo lisifunguliwe, lisifanywe makumbusho wala duka, na wifi yangu akija kuuliza tuliko, hamtujui. Ufunguo tumeuchukua. Tafadhali msimtume mtu yeyote kuufuata kabla mume wangu hajamaliza.