Ombi la Kikundi cha Mtu Mmoja

Kwa Mratibu wa Vikundi vya Kuacha Pombe,
Ofisi ya Nasaha, ghorofa ya pili, mlango unaokwaruza sakafu.

Ndugu Mratibu,

KUHUSU: KUKOSA KIKUNDI KINACHONIFAA

Natumaini u mzima na mlango wako bado unakwaruza, maana nilikushauri upunguze milimita tatu chini ukanijibu kwamba sikuja kwa ajili ya mlango. Kweli. Nilikuja kwa sababu mke wangu alisema nichague kikundi au nichague pengine pa kulala. Mimi ni fundi milango niliyeanza na nyundo ya kuazima, leo nina karakana na randa ya umeme; sijawahi kushindwa na kitu kinachopimika. Vikundi vyako vyote vitatu nimevijaribu kwa moyo mweupe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kikundi cha Jumatatu kimejaa wateja wangu. Mliniahidi siri. Siri gani, ikiwa kati ya watu tisa wanne wanasubiri milango yao? Niliposimama kusema pombe imenichelewesha maishani, mama mwenye duka la vitambaa akadakia kwamba hata mlango wake umechelewa. Fundi cherehani naye akauliza kama dirisha lake linaingia kwenye ushuhuda huo. Nilitoka pale nimeandikishwa kazi ya mwezi mzima, nasaha sikupata hata ya kuonja.

2. Mwenyekiti wa Jumatano hachungi ulimi. Tumekaa, tumetulia, yeye anasugua viganja na kutangaza: "Haya jamani, raundi ya kwanza!" Ndugu Mratibu, neno hilo nimelisikia miaka ishirini mahali pengine. Mkono ulipanda wenyewe, nikasema mimi niletewe ya baridi. Kumbe raundi ni kila mtu aeleze wiki yake ilivyokwenda! Walicheka mpaka babu mmoja akapaliwa na chai. Kuna "zamu", kuna "mzunguko". Maneno yapo tele. Naomba raundi ipigwe marufuku, pamoja na "tuongeze moja tuondoke", ambayo kwake maana yake ni ushuhuda mwingine.

3. Alhamisi ni mashindano. Dereva wa lori alisimulia alivyolala mtaroni. Nesi mstaafu akampiku: yeye aliamkia ndani ya jeneza, dukani, bado lina bei. Mimi nilikuwa na habari ya kuhangaika na ufunguo kwenye mlango wa jirani hadi kunakucha, huku nikimtukana fundi aliyeutengeneza, naye ni mimi. Nilipigiwa makofi ya huruma. Sijazoea kuwa wa mwisho.

4. Hao hao wa Alhamisi wakanipa mwenzi wa simu, mfuga kuku, tunamwita Bwana Mayai. Kila jioni nikifunga karakana, simu hiyo hapo. Toka karakana hadi kwangu ni mita mia sita na baa tatu. Anaanzia kwenye kuku mwekundu anayegoma kutaga, anapitia pumba, anaingia kwenye mafua ya vifaranga, na nikipata upenyo wa kumuaga nakuta nimegusa geti langu. Wiki ya sita sasa sijapata nafasi ya kuamua mwenyewe kama niingie baa au nisiingie. Mtu mzima ninyimwe hata fursa ya kushinda kishawishi? Siku hizi mke wangu anauliza hali ya kuku mwekundu kabla ya kuuliza yangu.

5. Nimepiga hesabu. Kila mwanachama akipungua, kero inapungua. Kikundi cha tisa kinanidai, cha watano kinanishinda, cha wawili kinanieleza habari za pumba. Kwa hiyo idadi sahihi ni mmoja.

Basi naomba usajili Kikundi cha Ijumaa, kikutane karakana kwangu. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, mwanachama mimi. Siri itatunzwa. Nikichelewa nitajisubiri. Kwenye ushuhuda nitakuwa wa kwanza. Na kwa kuwa kanuni zenu zinadai mwenzi wa simu, nitajipigia mwenyewe; nikikuta namba inatumika nitajua sijambo.

Nisalimie karani wako, babu aliyepaliwa, nesi na jeneza lake, na wote wanaosubiri milango. Mama wa vitambaa mwambie wake uko tayari, aache kunisema.

Ni mimi, mwenye futi kamba yangu na haki yangu,

Fundi Milango

N.B. Bahasha nilishaigundisha, nimeichana. Jana Bwana Mayai hakupiga. Baa ya kwanza, simu kimya. Ya pili, kimya. Mbele ya ile ya tatu nikasimama, nikampigia nimgombeze. Nyuma ya sauti yake nikasikia muziki na chupa. Akaniambia kuku mwekundu amekufa, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni pa baa ya mtaani kwao. Nikaanza kumweleza bawaba: za kushoto, za kulia, zinazojifunga zenyewe, na kwa nini watu huzipachika kichwa chini. Nilieleza mpaka nikasikia kuku wengine, akasema, "Haya fundi, nimefika bandani, nyamaza sasa." Mkono wangu mwenyewe ulikuwa kwenye komeo la geti langu.

Namba tano ina kosa la hesabu. Idadi sahihi ni wawili. Ombi lifutwe. Alhamisi nitapitia kwako na randa, tuimalize ile milimita tatu.