Vipande Vinne Vilivyosimama Kichwa Chini

Kwa furaha isiyo na kifani, Wizara iliwatangazia wananchi wote wa Peru kwamba, kwa heshima ya sikukuu ya uhuru, mawimbi ya rada ya taifa sasa yatasimama wima, yote, kama watumishi wengine wa umma kwenye gwaride.

Maana ukaguzi ulikuwa umefichua aibu. Kila mlio wa rada iliyoko mlimani juu ya Lima ulikatwa vipande kumi na tatu, na vinne kati yake vilikuwa kichwa chini, miguu juu.

"Nani kavipindua?" aliuliza Naibu Waziri Wenceslao Arróspide.

"Mimi, Mheshimiwa," alijibu Injinia Nélida Ccahuana, ambaye rada hiyo aliijua kuliko alivyomjua mumewe. "Mlio mrefu unafika mbali, ila mwangwi wake unatapakaa. Ukipindua hivyo vinne, mwangwi ukirudi tunaukunja, unakuwa nukta. Hapo unajua kitu kiko wapi na kina ukubwa gani."

"Binti yangu, nimesimamia magwaride miaka ishirini. Anayegeuka hutolewa mstarini. Vinyooshe, au Jumatatu ukaripoti Idara ya Utepe na Maputo ya Sherehe."

Nélida akavinyoosha. Akapewa na waraka: atakayetaka kipande kipinduliwe, alete ombi kutoka kwa kiongozi, sababu ielezwe kwa maneno yake mwenyewe.

Siku ya sikukuu Naibu Waziri alipanda helikopta kuwapungia watu mkono.

"Injinia, mnaniona huko?" aliuliza redioni.

"Tunakuona vizuri, Mheshimiwa. Una urefu wa kilomita mbili."

"Ni kipimo cha haki."

"Jeshi nalo limekiona. Ndege mbili za kivita zinakuja kukushusha."

"Waambie ni mimi, dada yangu."

"Nimewaambia. Wanasema Naibu Waziri wanamfahamu, havuki mita moja na nusu, tena na kofia."

"Basi vipindue hivyo vidude. Upesi."

"Waraka unataka ombi, Mheshimiwa. Kalamu ninayo."

Ngurumo za ndege zikaanza kusikika nyuma ya sauti ya Naibu Waziri. "Andika: mimi, Arróspide, si mkubwa kama ninavyoonekana."

"Fomu inauliza, ukubwa halisi?"

"Mdogo, mama. Andika mdogo sana."

Nélida akagonga muhuri, akavipindua vinne, akaumega mkate wake wa chicharrón, nyama ya nguruwe ya kukaanga. Kwenye kioo cha rada, kilomita mbili zikajikunja, zikajikunja tena, hadi juu ya gwaride la taifa Naibu Waziri akabaki kinukta, kikitetemeka.