Wigashe, Ngoma ya Vita

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Siku njema. Mzungu wa sinema amefika hapa mgodini Geita na lori lake. Anataka ngoma ya vita ya Wasukuma, akaionyeshe Dar es Salaam na Ulaya. Atakayempatia ngoma kali ataondoka naye, awe mkalimani wake. Tangu mwaka jana nagawa taa za wachimbaji. Nimechoka kunuka mafuta! Donatus, mpishi wa mesi, akaanza kueleza kwamba huku watu hucheza wakilima. Nikamkata kauli. Nikasema iko Wigashe, kali kuliko zote, wachezaji huruka kupita paa. Jina nililisikia sokoni jana. Lina meno. Mzungu akaandika. Donatus akakohoa.

Jumatano, 5 Agosti
Kwa Mzee Bujiku, kiongozi wa ngoma. Shikamoo, marahaba. Kisukuma sikijui, mtu wa Tanga akijue cha nini? Mzee akanisogezea kigoda, akasema igasha. Kelele ya vita, hiyo! Nikakisukuma kigoda pembeni, nikakaza mgongo. Mkewe, Mama Nkwabi, akarudia: igasha, igasha. Nikapiga saluti. Wakacheka sana. Watu wakarimu.
Nikaomba Wigashe. Mzee akaniuliza mara mbili kama nina hakika, au nataka ile ya majembe. Nikamwambia jembe halimtishi mtu. Akasema basi, Jumamosi nitaipata.

Ijumaa, 7 Agosti
Mikuki tayari: mabomba chakavu ya karakana. Manyoya ya kuku nimeyapata kwa Donatus. Kanipa bila kuuliza kitu. Sijapenda. Mama Nkwabi kakataa kupakwa unga usoni, eti unga ni wa ugali. Watu hawa hawajui mila zao! Nimemshauri Mzungu apandishe kamera juu ya lori na kuielekeza hewani, asije akawakosa wakiruka.

Jumamosi, 8 Agosti
Aibu. Wamekuja wamependeza, shanga na nguo safi. Wakapanga vigoda mistari miwili, wakatazamana. Wakakaa! Bibi Limi, mama yake Mzee Bujiku, akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, mabega yakienda taratibu. Vizuri kweli, lakini wamekaa! Kamera inapiga picha mawingu. Nikaruka katikati, manyoya kichwani, bomba mkononi, nikawaamrisha wainuke.
Mzee hakuacha kuyumba. "Wigashe ni ngoma ya kukaa, bwana," akasema. "Tangu Jumatano tunakwambia igasha, kaa. Umegoma mwenyewe."
Wimbo wenyewe ulinihusu mimi. Donatus kanitafsiria bila kuombwa: mgeni kakaribishwa kiti, kasimama kama nguzo.
Niliona kazi inaniponyoka. Nikamwambia Mzungu kwamba mashujaa hukaa hivyo wakimlaani adui, na yule bibi ndiye mwenye sumu. Akashusha kamera mbio. Akaandika yote.

Jumapili, 9 Agosti
Lori limeondoka. Donatus yumo. Mzungu kasema anataka mtu anayejua lugha. Hakuna aliyenieleza kwamba mkalimani anahitaji lugha.

Jumamosi, 14 Novemba
Lori limerudi. Sinema imeonyeshwa uwanjani kwenye shuka jeupe. Donatus kavaa suruali ndefu, anatafsiri kwenye kipaza sauti. Nikajiona katikati ya picha, nikitikisa bomba. Eti mganga mkuu wa vita! Mgodi mzima ukashangilia. Kisha akatokea Bibi Limi, aliyeanzisha wimbo siku ile; tulimzika Septemba. Sauti ya sinema ikamwita mchawi. Donatus alisita kidogo, akatafsiri. Kelele zikakatika.
Mzee Bujiku akasimama. "Mama alikuwa anamkaribisha mgeni," akasema, akaenda zake nyumbani.
Moyo umeniuma. Na kwenye picha manyoya yangu yalikaa upande.

Jumapili, 15 Novemba
Nimekwenda kuomba radhi. Igasha, akasema Mzee, bila kucheka. Safari hii nikakaa. Nikasema uongo wote ulikuwa wangu. Akaniomba jambo moja tu: nisiseme tena habari za ngoma nisizozijua. Nikaapa. Nikampa Mama Nkwabi chumvi niliyoleta. Akaipokea kwa mikono miwili, akainama kama anayeshukuru, akasema, "Wabeja."
Neno zito. Limenitetemesha.
Njiani nimekutana na Mzungu mwingine, wa santuri. Anatafuta ngoma ambayo haijapata kurekodiwa. Nimemwambia iko moja, ya kuzikia wafalme tu, na jina lake Wabeja. Kaandika.