Nyimbo Zapumzishwa Kabatini

"Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mpanda kwamba, kuanzia Jumatatu, nyimbo za asili zinapumzishwa. Atakayekutwa anaimba wimbo wa bibi yake bila kibali atachukuliwa hatua."

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti pale Makanyagio na Bwana Sylvanus mwenyewe, Mkuu wa Idara ya Hifadhi ya Nyimbo, akiwa na suti ya Kaunda na uso wa mtu aliyeliokoa taifa. Wataalamu, yaani yeye, walikuwa wamegundua kwamba wimbo ukiimbwa mno huchakaa, kama kanga inayofuliwa kila siku. Kwa hiyo nyimbo zote zilikuwa zimerekodiwa kwenye kaseti na kufungiwa kabatini. Kifungu cha tatu cha kanuni zake, alichokipenda kuliko mkewe, kilisema wimbo uliohifadhiwa haubadilishwi hata neno moja.

Mteja wa kwanza alikuwa Vénérande, mama kutoka makazi ya Warundi, mwanawe akilia mgongoni.

"Naomba kibali cha kubembeleza, mzee."

"Kibali huchukua wiki mbili."

"Huyu analia sasa hivi."

"Mweleze utaratibu, mama."

Balaa lilianza mvua ziliponyesha. Sylvanus alikuwa na shamba la mahindi Mwamkulu, na nyumba yake ililitegemea hilo mwaka mzima. Magugu yalikuwa yameyafikia mahindi mabegani. Akamwita Manyanda, kiongozi wa kikundi cha Wasukuma wa kulima, watu ambao wakijipanga mstari mmoja wakaimba, magugu huomba poo. Siku hiyo jembe la kwanza likashuka, la pili likasubiri, la tatu likauliza habari za nyumbani. Kufika saa tano walikuwa wamepalilia kieneo cha kuanikia karanga.

"Nyie vipi? Mnaumwa?"

"Hatuumwi, bosi," Manyanda akasema. "Majembe ndiyo hayasikii kitu. Wimbo wao umeufungia."

Sylvanus akajipapasa. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni. Lakini mkubwa hali matapishi yake hadharani.

"Basi tungeni mpya! Mpya si urithi."

"Mpya tunaweza. Ila kwetu wimbo wa jembe unamtaja mwenye shamba, na mwenye shamba hanuni."

"Nitajeni mpaka mchoke! Limeni!"

Manyanda akasafisha koo.

"Silivano kafungia nyimbo kabatini!"

"Magugu yanacheza!" wenzake wakaitikia, na majembe yakashuka kwa pamoja.

"Kamfungia na bibi yake kabatini!"

"Magugu yanacheza!"

Jioni shamba lilikuwa safi. Sylvanus alifurahi mno, akaripoti kwamba sera imeleta tija. Kufika Ijumaa wimbo ulikuwa sokoni, vinuni na stesheni ya treni. Vénérande alimbembeleza nao mwanawe, akalala fofofo. Mgambo hawakuwa na la kufanya, maana haukuwa wa asili.

Ndipo akaja mgeni rasmi kutoka mkoani, kulizindua kabati. Sylvanus akachomeka kaseti, redio ikaitafuna. Akachomeka nyingine, ikatafunwa vilevile.

"Hivi hapa hamna watu wanaoimba kwa midomo?" mgeni akauliza.

Manyanda akaanzisha, uwanja mzima ukaitikia. Mgeni alicheza mpaka kofia ikamdondoka.

"Huu ndio urithi!" akasema akihema. "Uhifadhiwe leo hii, ufundishwe shule zote. Hizo za kabatini warudishieni wenyewe kabla redio haijazimaliza."

Sylvanus akamwinamia katibu wake, Theopista. "Ukiuandika, weka jina la mtu mwingine."

"Haiwezekani, bosi," Theopista akajibu, kwa sauti iliyotosha viti vyote vya mbele. "Kifungu cha tatu."

"Kwani huyo Silivano ni nani?" mgeni akauliza.

Kila mtu alikuwa akimtazama mwenye shamba, kuona kama atanuna. Sylvanus akasimama, akanyoosha suti yake.

"Magugu yanacheza!" akaitikia.